Kompyuta ya mnunuzi inapobisha hodi kiwandani



Katika mikutano yetu ya miezi hii, hapa Kigwena, Rumonge na hadi Nyanza-Lac, swali moja limeulizwa mara nyingi kuliko hata swali la mshahara, nalo si jambo la kawaida. Wafanyakazi wanauliza: mbona waajiri wameshikwa na haraka ya kompyuta? Mtu aliyekataa miaka kumi kuwanunulia glavu wakata mikungu, leo amepata fedha za mizani inayosema na simu, na za kompyuta inayosema na kompyuta ya mnunuzi wake huko Bujumbura. Moyo huo kaupata wapi? Wengine wanajibu kwamba ni maendeleo, basi. Wengine wanasema ni hila ya kupunguza watu. Mimi naona majibu yote mawili ni ya mkato. Na kwa kuwa tutaketi na waajiri kabla ya msimu mkubwa wa mikungu kuanza, inafaa tujue jambo hili limetoka wapi, nani kalianzisha, na gharama yake inaangukia mgongo wa nani.

Ili kulielewa nawaomba tuiache michikichi kidogo tuende kwenye viwanda vya magari. Msicheke. Najua hapa Kigwena magari tunayaona yakipita tu barabarani kuelekea Mugina, na lililoharibika linatengenezwa chini ya mti. Lakini viwanda vya magari ndivyo vilivyolikomaza jambo hili la kompyuta kuongea na kompyuta, na yaliyowapata wenzetu huko yanatujia sisi pia, mazuri yake na mabaya yake.

Gari moja lina vipande maelfu kwa maelfu. Kampuni ambayo jina lake limebandikwa mbele ya gari haitengenezi vipande vyote hivyo. Viti, taa, betri, springi, matairi, nyaya, vioo, hata kile kishikio cha kikombe, hutoka kwa kampuni nyingine, nyingi zikiwa ndogo. Tuziite wagavi, maana kazi yao ni kukigawia kiwanda kikubwa vipuri. Mwenye kiwanda kikubwa ndiye mnunuzi. Na katika habari hii yote, mkumbuke ni nani mnunuzi na ni nani mgavi, kwa sababu ndipo siri ilipo.

Zamani mambo yalikwenda hivi. Karani wa mnunuzi alipiga taipu oda: naomba springi kadhaa, tarehe fulani. Barua ilikwenda kwa posta au kwa teleksi. Karani wa mgavi aliisoma, akaiandika upya katika kitabu chake. Mzigo ulipoondoka aliandika hati ya kupeleka mzigo. Baadaye akaandika ankara, ile tunayoiita fakture. Karatasi zikifika kwa mnunuzi, karani mwingine alizinakili tena. Hesabu ile ile moja iliandikwa kwa mkono mara nne, mara tano, na kila inaponakiliwa, mia inaweza kuwa elfu. Lori likafika na springi za gari lisilohusika, ugomvi ukaanza.

Siku hizi kompyuta ya mnunuzi huiandika oda yenyewe na kuipeleka moja kwa moja ndani ya kompyuta ya mgavi, nayo huielewa bila mtu kuisoma. Huielewa kwa sababu pande mbili zilipatana mapema: namba ya kipuri itakaa hapa, idadi itakaa pale, tarehe itaandikwa namna hii na si namna nyingine. Lori likiondoka kwa mgavi, kompyuta yake hutuma habari mbele: nakuja na masanduku haya, ndani yake mna vitu hivi. Sanduku lina karatasi ya mistari myeusi, mpokeaji huimulika kwa taa na hesabu inaingia. Viko viwanda ambako hata ankara imekufa: mnunuzi huhesabu alichopokea na kulipa mwenyewe kwa hesabu yake. Hapo niliposikia mara ya kwanza nilishtuka kidogo. Fikirini mkulima wa mikungu anayengoja mwenye mashine ya kukamua ampimie, ampigie hesabu na amlipe, yeye akiwa nyumbani!

Jambo hili halikuanzia kwenye magari. Lilianza na njaa ya mji mmoja. Mwaka 1948 Warusi walifunga barabara na reli za kwenda Berlin ya magharibi, na hadi mwaka 1949 Wamarekani na Waingereza waliulisha mji ule kwa ndege. Makaa, unga, dawa, vyote vilitua usiku na mchana, na kila mzigo ulikuwa na orodha ya namna yake na lugha yake. Mzigo ulifika lakini hakuna aliyejua umebeba nini. Askari mmoja wa Marekani, Edward Guilbert, pamoja na wenzake, wakatunga orodha ya namna moja ambayo ingeweza kupelekwa kwa teleksi, kwa redio au kwa simu. Miaka ya 1960 Guilbert aliichukua fikra hiyo akaipeleka katika biashara, kwenye kampuni ya kemikali ya DuPont. Kwa hiyo asili yake ni kazi ya watu waliotaka unga ufike. Nasema hivyo ili asitokee mtu akasema chama cha wafanyakazi kinachukia mashine.

Wenye viwanda vya magari waliidaka baadaye. Ujerumani, chama cha wenye viwanda hivyo, VDA, kilitoa kanuni zake mwishoni mwa miaka ya 1970. Marekani, watu wa Chrysler, Ford na General Motors waliunda chombo chao AIAG mwaka 1982. Nchi za Ulaya zikaunda Odette mwaka 1984. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa nao ulikuwa na kanuni zake za dunia nzima, zinazoitwa EDIFACT. Zitazameni tarehe hizo. Ndiyo miaka ambayo Wajapani, Toyota akiwa mbele, walikuwa wakiwatoa jasho wenye viwanda wa Marekani na Ulaya kwa magari ya bei nafuu yasiyoharibika ovyo.

Toyota walikuwa na nini? Walikataa kuweka stoo kubwa. Kwao kipuri kinacholala stoo ni fedha inayolala. Walitumia vikadi vidogo, kanban kwa Kijapani: sanduku likiisha, kikadi chake kinarudi nyuma kwa aliyelitengeneza, naye anatengeneza sanduku moja tu jingine. Kipuri kinafika saa kinapohitajiwa, si jana yake wala kesho yake. Wazungu walipotaka kuiga, waligundua kwamba huwezi kuendesha kazi ya saa kwa barua ya wiki. Ndipo ikawalazimu kompyuta ya kila mgavi iungwe na ya kwao. Lengo kubwa lilikuwa stoo, si kuokoa karatasi.

Mfano mmoja wa viti. Katika viwanda vingi vya leo, gari likitoka chumba cha rangi, habari hupelekwa papo hapo kwa mtengeneza viti: gari linalofuata ni jekundu, viti vya ngozi nyeusi, linalofuata ni jeupe, viti vya kitambaa. Mtengeneza viti ana saa chache tu. Anavishona, anavipanga ndani ya lori kwa utaratibu ule ule wa magari, na lori linafika mlangoni. Hakuna stoo hapo, kuna barabara. Na ndani ya zile saa chache kuna watu wanaoshona.

Sisi wa michikichi kazi isiyongoja tunaijua. Mkungu ukishaanguka, tunda linaanza kuharibika. Likichelewa kuchemshwa mafuta yanakuwa makali na bei inashuka. Anayetukimbiza sisi ni tunda lenyewe, na tunda halina ubaya na mtu. Kinachomkimbiza mshona viti ni uamuzi wa mwenye mali kwamba hataki kuweka stoo.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: mgavi anakubali kwa nini? Ukimwuliza, atakuambia kwamba makosa yamepungua, fedha inaingia mapema, makaratasi yamekwisha. Kwa mgavi mkubwa ni kweli. Yule ambaye kompyuta yake ya oda imeungwa na ya stoo, na ya stoo imeungwa na ya mashine, anapata faida yake, wala tusimnyang'anye. Lakini wengi hawakujiunga kwa sababu hiyo. Walijiunga kwa sababu waliambiwa. Miaka ya 1980 wenye viwanda vikubwa vya Marekani waliwapelekea wagavi habari nyepesi: jiunge na utaratibu huu, au tutatafuta mwingine. Mtu ambaye nusu ya mauzo yake ni kwa mnunuzi mmoja hana la kujadili hapo. Na jirani yake akijiunga, naye hujiunga hata kama hesabu haikubali, kwa hofu ya kuachwa.

Mgavi mdogo ndiye anayenisikitisha zaidi, kwa kuwa ndiye anayefanana na waajiri wetu wa huku. Hana fedha za kuunganisha kompyuta zake, pengine anayo moja tu. Basi mnunuzi humpa njia ya mkato: ingia kwenye ukurasa wetu wa intaneti, soma oda, jaza fomu. Sasa tazameni kinachotokea. Karani wa mgavi anaisoma oda kwenye kioo, anaiandika kwenye kitabu chake kwa mkono. Kisha anarudi kwenye kioo kujaza habari za mzigo. Kazi ya kunakili haikufa. Imehama tu kutoka kwa karani wa mnunuzi, ambaye huenda ameshaachishwa, ikamwangukia karani wa mgavi, bila nyongeza ya senti. Akikosea namba moja, mgavi anatozwa faini na kuandikwa alama mbaya. Faida imekwenda juu na kazi imeteremka chini. Mtu akikuambia kompyuta imepunguza kazi, mwulize imeipunguza kwa nani.

Na stoo nayo ni hivyo hivyo. Mnunuzi anajisifu kwamba hana stoo. Lakini mgavi anayeogopa faini ya kuchelewa anaweka stoo nyumbani kwake, kwa fedha yake. Asiyekuwa na fedha ya stoo anaweka stoo ya watu: vibarua wanaongoja nyumbani wapigiwe simu. Oda ikija kubwa usiku, njooni wote. Ikija ndogo asubuhi, rudini, leo hakuna kazi. Ndugu zangu, kibarua anayengoja simu bila malipo ndiye stoo ya bei rahisi kuliko zote.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki magari mengi huunganishwa tu, hayatengenezwi tangu mwanzo. Kenya ina viwanda vitatu vya tangu miaka ya 1970: kile cha Thika kilichoanza kwa jina la Leyland, AVA ya Mombasa, na cha Nairobi kilichokuwa cha General Motors mpaka mwaka 2017 kilipokuwa Isuzu East Africa. Vipande vinakuja kwa meli ndani ya masanduku, na vichache, kama springi, betri na vitambaa vya viti, hutengenezwa hapo hapo nchini. Tanzania ilikuwa na kiwanda cha matairi Arusha, General Tyre, kilichokuwa na mashamba yake ya mpira Muheza na Kilombero. Kiwanda kilisimama. Wagema mpira wa Kihuhwi walikuwa wafanyakazi wa magari kama alivyo mtu wa Detroit, ingawa hakuna aliyewaita hivyo.

Katika eneo letu mkubwa aliyewasukuma wengine kwenye kompyuta hakuwa tajiri wa magari. Alikuwa forodha. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2007, OBR ikaundwa mwaka 2009, na tangu mwaka 2014 Jumuiya ilipoanza kuwa eneo moja la ushuru, hati za mzigo wa Bujumbura hushughulikiwa mzigo ukiwa bado bandarini Dar es Salaam. Kompyuta za forodha za nchi moja hupashana habari na za nchi nyingine. Kenya nayo ilifungua dirisha lake moja la biashara kwa kompyuta mwaka 2014. Anayeleta vipuri vya lori, mabetri au matairi hana hiari: asipotuma habari zake kwa njia hiyo, kontena linabaki bandarini na gharama ya kila siku inapanda. Hivyo hata yule muuza vipuri wa Rumonge ambaye hajawahi kushika kompyuta, bei ya bidhaa yake imepita ndani ya kompyuta tatu au nne. Sikatai kwamba foleni ya malori pale Kobero ilihitaji dawa. Dereva aliyekuwa akilala siku nyingi mpakani kwa sababu ya muhuri mmoja ni mfanyakazi mwenzetu. Lakini vijana waliokuwa wakibeba hati kutoka ofisi hadi ofisi hakuna aliyewauliza wataishi kwa nini.

Uzi ukikatika

Waajiri wanaposifu utaratibu huu husahau kueleza siku unapokatika. Mimi nitaeleza, maana ni siku yetu.

Mwishoni mwa Februari 2022, kampuni moja ya Japani iitwayo Kojima, inayotengeneza vitu vya plastiki kama vile vishikio vya vikombe, iligundua kwamba wahalifu wameingia katika kompyuta zake. Ikazizima. Kwa kuwa kompyuta hizo ndizo zilizokuwa zikipashana oda na Toyota, siku ya tarehe 1 Machi Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 vya Japani kwa siku moja. Magari kama 13,000 hayakutoka. Kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kazi hiyo, ikasimamishwa na mtengeneza vishikio vya vikombe! Mnyonge ana nguvu kuliko anavyodhani, na hilo wajumbe wetu walitie akilini wanapoambiwa kwamba kiwanda chetu ni kidogo mno hakiwezi kumwambia mnunuzi neno.

La pili ni la Uingereza, nalo ni chungu zaidi. Mwanzoni mwa Septemba 2025 kampuni ya Jaguar Land Rover, mali ya Tata wa India, ilivamiwa kwa njia hiyo hiyo. Kompyuta zikazimwa, viwanda vikasimama zaidi ya mwezi mzima, kazi ikaanza kurudi kidogo kidogo katika wiki ya pili ya Oktoba. Safari hii aliyevamiwa ni mnunuzi. Wagavi walikuwa wazima, mashine zao nzima, lakini oda hazikuja na pa kupeleka mzigo hapakuwapo. Katika viwanda vidogo vinavyoilisha kampuni ile watu walirudishwa nyumbani, na wengine wakapoteza kazi kabisa. Chama cha wafanyakazi cha Unite kiliitaka serikali isaidie kulipa mishahara ya wafanyakazi wa wagavi. Serikali ilichagua kuidhamini kampuni kubwa ipate mkopo wa pauni bilioni 1.5, kwa matumaini kwamba fedha ingeteremka kwa wadogo. Sisi tunaijua fedha inayoteremka. Inafika chini ikiwa imelowa.

Linganisheni visa hivyo viwili. Mdogo alipougua, mkubwa alipumzika siku moja, akaendelea. Mkubwa alipougua, wadogo walikosa chakula. Mkataba wa kompyuta baina ya mnunuzi na mgavi huandika kila kitu: namba ya kipuri, saa ya kufika, faini ya kuchelewa. Mfanyakazi haandikwi popote humo, ila ndiye anayelipa siku uzi unapokatika.

Yanayotuhusu hapa

Sasa turudi pwani yetu. Katika kiwanda kimoja cha kukamua mawese huku kwetu, ambacho sitakitaja, mizani mpya imefungwa tangu mwaka jana. Uzito unaingia kwenye simu na kutoka hapo unakwenda kwa mnunuzi wa mafuta. Wapakiaji waliolipwa kwa kilo wanaambiwa jioni: kompyuta imeandika kilo hizi. Wakisema asubuhi tulipakia zaidi, wanajibiwa kwamba kompyuta haidanganyi. Umeme ulipokatika siku mbili, hesabu za siku hizo hazikuonekana, na malipo yake hayakuonekana. Karani wa zamani, mwenye kitabu kikubwa cha mistari, alikuwa ameshaondolewa. Kitabu kile ndicho kingewaokoa.

Kwa hiyo siungi mkono wale wanaosema tukatae mashine moja kwa moja. Tukikataa, mnunuzi atanunua ng'ambo ya pili ya ziwa au ataagiza mafuta ya Asia, na mikungu yetu itaoza. Mwajiri wetu naye amesukumwa. Ukweli huo tuuseme, hata kama hatumpendi. Lakini kusukumwa kwake kusiwe sababu ya yeye kutusukuma sisi. Aliyemsukuma ana jina na ana mkataba. Tuombe kuuona mkataba huo.

Neno la kwanza mezani liwe hilo: wajumbe waonyeshwe ratiba ya oda anayoipata mwajiri kutoka kwa mnunuzi. Katika viwanda vya magari mnunuzi hutuma makisio ya wiki nyingi mbele, kisha oda ya siku. Mwajiri anayepata makisio anajua wiki ijayo atahitaji watu wangapi. Kama anajua, kwa nini kibarua ajue saa kumi na moja alfajiri? Habari ya zamu itoke siku kadhaa kabla, na anayeitwa akarudishwa alipwe. Saa ya kungoja langoni ni saa ya kazi, kwa sababu mwajiri ndiye aliyeitaka.

Kisha kitabu. Pamoja na kompyuta kuwe na karatasi, na kila mpakiaji apewe kipande chake chenye uzito siku ile ile, hata kama ni kwa mkono. Wakisema ni kurudi nyuma, waambiwe kwamba hata Toyota ilianza kwa vikadi. Karani asifukuzwe kwa sababu ya mizani. Afundishwe kuitumia, kwani anajua tofauti ya mkungu na mkungu, jambo ambalo mizani haijui. Na mashine ikifa, au umeme ukikatika, au mnunuzi akizima kompyuta yake kwa sababu zake, mshahara wa siku hiyo uendelee. Hili la mwisho litakuwa gumu, najua. Waingereza wenye chama cha zaidi ya watu milioni moja hawakulipata kirahisi.

Lipo jingine ambalo wengi hawajalifikiria. Mashine inayopeleka oda ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuandika nani alipakia polepole, nani alikwenda msalani mara ngapi. Ujerumani waliliona mapema. Sheria yao ya mwaka 1972 inalipa baraza la wafanyakazi la kiwanda haki ya kushiriki katika uamuzi kabla ya kufungwa chombo chochote kinachoweza kuchungulia mwenendo au kazi ya mfanyakazi. Angalieni mwaka: 1972, wakati kompyuta ilikuwa inajaza chumba kizima! Sisi hatuna sheria kama hiyo, lakini hakuna kinachotuzuia kuiandika katika mapatano yetu ya kiwanda. Burundi imeridhia mikataba ya Shirika la Kazi la Dunia juu ya uhuru wa vyama na juu ya kujadiliana kwa pamoja. Mizani na kompyuta ni mambo ya kazi, nayo yanajadiliwa.

Wala tusidhani jambo hili litaishia kwenye mizani. Umoja wa Ulaya umetunga sheria mwaka 2023 inayotaka mpira, mawese, kahawa, kakao na bidhaa nyingine ziingie kwao zikiwa na habari za kompyuta zinazoonyesha shamba lenyewe lilipo, ili ijulikane kwamba msitu haukukatwa. Tarehe ya kuanza imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini sheria ipo. Mtengeneza tairi atamdai muuza mpira, naye atamdai mwenye shamba. Mawese yetu mengi yanaishia kwenye masufuria na sabuni za nchini, kwa hiyo hatuguswi leo. Kahawa ya wenzetu wa milimani inaguswa. Na sisi tunaokaa ubavuni mwa msitu wa Kigwena tutaulizwa siku moja mipaka ya shamba inaishia wapi. Msitu ule uhifadhiwe, mimi nakubali kabisa, wazee wetu waliutegemea kwa dawa na kivuli. Ila atakayepeleka ramani ya shamba kwenye kompyuta asiwe mwenye mashamba makubwa peke yake. Mwenye michikichi thelathini akisahaulika katika ramani hiyo, kwa kompyuta hayupo, na asiyekuwapo mafuta yake hayanunuliwi.

Wajumbe wa Kigwena, Rumonge na Nyanza-Lac wanaombwa, kabla ya kikao na waajiri, walete kwa katibu wa sendika vipande vyote vya mizani walivyo navyo, vya mkono na vya mashine, pamoja na siku ambazo watu waliitwa wakarudishwa bila malipo. Wasiojua kuandika waandikiwe na watoto wao wa shule. Wanawake wanaochambua tunda na kubeba maji ya kuchemshia nao wahesabiwe, kwa sababu katika ile mizani mpya hawamo kabisa: mashine inapima mkungu, haipimi ndoo.